Google Drive kwa faili za familia na za biashara: kabla ya kuuliza nafasi, uliza faili ni ya nani

Ukishawasha simu ya Android kwa akaunti ya Gmail, Google Drive unayo tayari, hata kama hujawahi kuigusa alama yake ya pembetatu. Ndiyo maana kwetu huku ni hifadhi ya mtandaoni inayotumika bila mtu kuichagua. Mwalimu anaweka mitihani humo, fundi wa alumini anatunza picha za vipimo, duka la vipuri linaandika humo orodha ya bei. Ipo tangu Aprili 2012, imekomaa, na kwa kazi za kila siku ni vigumu kupata iliyo rahisi zaidi. Udhaifu wake hauko kwenye uwezo. Uko kwenye mambo mawili ambayo watu huyagundua wakiwa wameshachelewa: nafasi hujazwa na vitu ambavyo hukuviweka kwa mkono wako, na faili za biashara husimama kwa jina la mtu badala ya jina la biashara.

Tuanze na nafasi. GB 15 za bure si za Drive peke yake. Zinatumiwa kwa pamoja na Gmail na Google Photos. Zamani picha zilizobanwa kwenye Google Photos hazikuhesabiwa. Tangu Juni 1, 2021 zinahesabiwa, pamoja na hati, majedwali na slaidi za Google zilizotengenezwa kuanzia siku hiyo. Mwaka 2024 bekapu ya WhatsApp kwenye Android, ambayo ilikuwa haihesabiwi, nayo ikaingizwa kwenye GB hizo hizo. Kwa mtu aliye kwenye makundi ya harusi, ya wazazi wa shule, ya ukoo na ya kikoba, video za WhatsApp peke yake zinaweza kuimaliza nafasi kabla hajaweka hata nyaraka moja ya kazi. Picha ya simu yenye MB 3 inaingia mara 5,000 hivi kwenye GB 15, na hapo hakuna barua pepe wala kitu kingine.

Nafasi ikijaa, kinachoumiza zaidi si kushindwa kupakia picha. Gmail huacha kupokea na kutuma barua. Mteja aliyetuma oda ya ununuzi anarudishiwa ujumbe kwamba barua haikufika, nawe huna habari. Kwa biashara inayopokea oda kwa Gmail, hilo peke yake ni sababu ya kuangalia kiasi cha nafasi kila mwezi.

Kusafisha kunachukua nusu saa ukijua pa kuanzia. Fungua drive.google.com/drive/quota kwenye kivinjari. Faili zako zitapangwa kuanzia kubwa kwenda ndogo. Kwenye Gmail andika has:attachment larger:10M kwenye sehemu ya kutafutia, utaona barua zote zenye viambatisho vya zaidi ya MB 10. Kwenye WhatsApp nenda mipangilio, mazungumzo, bekapu, kisha zima kujumuisha video. Bekapu itakayofuata itapungua sana. Mwisho ondoa vilivyomo kwenye Tupio la Drive na la Gmail, kwa sababu kilichomo kwenye Tupio bado kinahesabiwa. Wengi hufuta GB 4 kisha hushangaa kipimo hakijasogea. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo walioiruka.

Ukitaka kulipia, Google One huko Marekani inauzwa dola 1.99 kwa mwezi kwa GB 100 na dola 9.99 kwa TB 2. Bei ya nchi yako utaiona ndani ya programu kwa fedha ya kwenu. Mpango mmoja unaweza kugawiwa watu wengine 5 wa familia bila wao kuonana faili. Kwa familia ya kawaida GB 100 zinatosha kwa miaka kadhaa. Angalia njia ya malipo: usajili hujirudia wenyewe, na wengi hulipa kwa kadi pepe ya pesa za simu, ambayo mara nyingi haina salio siku ya makato. Malipo yakishindikana na usajili ukakoma, unarudi kwenye GB 15. Faili zako hazifutwi siku hiyo, ila Gmail inakwama kama nilivyoeleza, na akaunti ikikaa juu ya kiwango chake kwa miaka 2, Google ina haki ya kufuta vilivyomo. Miaka 2 ni kipimo pia cha akaunti isiyotumika kabisa: tangu Desemba 2023 akaunti binafsi ambayo haijaguswa kwa muda huo inaweza kufutwa yote. Ile Gmail ya zamani yenye picha za marehemu babu ifungue leo.

Kwa upande wa karatasi, kifaa bora kuliko vyote ndani ya Drive ni kichanganuzi cha simu. Bonyeza alama ya kujumlisha, chagua kuchanganua, elekeza kamera. Programu inakata kingo, inanyoosha ukurasa na kutoa PDF. Wenye biashara Tanzania wanapaswa kukitumia kila jioni kwa sababu moja mahsusi: risiti za EFD, mashine za kodi, huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, bila wino. Ikikaa kwenye dashibodi ya gari au ndani ya bahasha ya plastiki, maandishi hufifia hadi karatasi inabaki nyeupe. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na karatasi hiyo haifiki huko. Changanua risiti siku uliyoipokea, na ipe jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, kwa mfano 2025-03-14-dizeli-jenereta. Ukianza na siku, faili za Machi zitachanganyika na za Novemba. Ukianza na mwaka zinajipanga zenyewe. Drive husoma pia maandishi yaliyo ndani ya PDF na picha, hivyo ukitafuta jina la msambazaji, risiti yake inatokea hata kama jina halimo kwenye jina la faili. Mwandiko wa kalamu husomwa kwa shida, usiutegemee.

Kwenye kompyuta kazi hubadilika. Programu ya Drive ya kompyuta, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani mwaka 2021, ina njia mbili. Ya kwanza huacha faili mtandaoni na kukuonyesha diski mpya, kwa kawaida G: kwenye Windows; faili hushuka pale tu unapoifungua. Ya pili huweka nakala kamili ndani ya kompyuta na kuzifananisha na za mtandaoni muda wote. Ya kwanza inafaa laptop yenye diski ndogo, ila bila intaneti faili ambayo hukuiweka alama ya kupatikana nje ya mtandao haifunguki. Ya pili inafaa kompyuta ya ofisi isiyohama, yenye diski ya kutosha. Hata kwa njia ya kwanza programu hutunza nakala za muda kwenye diski C:, na watu hudhani kompyuta imeingia virusi wanapoona C: inajaa. Nenda kwenye mipangilio ya kina ya programu, uhamishe folda ya nakala hizo kwenda diski nyingine.

Bando nalo lipigiwe hesabu mapema. Kupakia GB 15 kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde huchukua kama saa 17. GB 100 kwa megabiti 5 ni saa 44 na zaidi. Kasi inayotangazwa na mitandao mara nyingi ni ya kupakua, na ya kupakia huwa ndogo zaidi. Kwa hiyo upakiaji wa kwanza ufanyike usiku kwenye intaneti isiyo na kikomo, na mchana uweke ukomo wa kasi kwenye mipangilio hiyo hiyo. Kama laini ina megabiti 2 za kupakia, yaani kilobaiti 250 kwa sekunde, ukomo wa kilobaiti 100 utawaachia wengine nafasi ya kufanya kazi. Kwenye simu hakikisha umewasha uhamishaji wa faili kwa Wi-Fi pekee, la sivyo bando la wiki litaisha kwa video moja ya mahafali.

Kuna kitu kimoja kisichofaa kuwekwa kwenye folda inayofananishwa: data hai za programu ya uhasibu, iwe QuickBooks, Tally au nyingine. Programu ya uhasibu huandika ndani ya faili muda wote, huku Drive ikijaribu kuinakili katikati ya maandishi. Matokeo yake ni nakala mbili zinazopingana, au faili isiyofunguka kabisa. Data ibaki kwenye diski ya kawaida. Mwisho wa siku toa bekapu kutoka ndani ya programu yenyewe, na bekapu hiyo iliyofungwa ndiyo iingie Drive.

Novemba 2023 baadhi ya watumiaji wa programu ya kompyuta, matoleo ya 84, walikuta faili za karibuni hazionekani. Google iliwaonya wasitenganishe akaunti na programu wala wasifute folda yake ya data, kwa sababu faili ambazo hazijamaliza kupanda hukaa humo; Desemba ikatoa njia ya kuzirejesha. Onyo hilo bado linafaa. Ukiona faili zimetoweka, usiondoe programu, usitoke kwenye akaunti. Angalia kwanza kama kuna foleni ya upakiaji iliyokwama, kisha nakili folda ya data kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote.

Watu wengi huita Drive bekapu. Ni mfananisho, na tofauti ni kubwa: ukifuta huku, kule nako kinafutika. Kilichofutwa hukaa kwenye Tupio siku 30 kisha huondoka chenyewe. Ukiharibu faili ya Excel au PDF na kuihifadhi, matoleo ya nyuma hutunzwa siku 30 au matoleo 100, lipi litangulie, isipokuwa toleo ulilolipa alama ya kutunzwa daima. Karani akifuta safu ya bei Januari na kosa likagunduliwa Machi, hakuna pa kurudi. Hati na majedwali ya Google yenyewe yana historia ndefu zaidi, na hiyo ni sababu nzuri ya kuandikia orodha ya bei humo badala ya kwenye Excel.

Sasa umiliki, ambao ndio kiini cha huduma hii na ndio unaosomwa kidogo kuliko vyote. Kila faili kwenye Hifadhi Yangu (My Drive), yaani sehemu yako binafsi ya Drive, ina mwenyewe mmoja. Nafasi inakatwa kwake, na akaunti yake ikifutwa, faili inaondoka kwa kila mtu aliyeshirikishwa. Fikiria duka ambalo karani alifungua jedwali la wadaiwa kwa Gmail yake, akamshirikisha mwenye duka kama mhariri. Mwenye duka analiona kila siku, analihariri, anaamini ni lake. Karani akiacha kazi anaweza kumwondolea ruhusa kwa kubonyeza mara mbili, au akafuta tu akaunti bila nia mbaya yoyote. Folda haiokoi kitu hapo: hata folda ikiwa ya mwenye duka, faili ambayo karani ameitengeneza ndani yake bado ni ya karani.

Kuhamisha umiliki kati ya akaunti mbili za binafsi kunawezekana: fungua kushirikisha, bonyeza jina la mtu, chagua kumhamishia umiliki, naye akubali kwenye barua pepe atakayopata. Ifanyike kabla karani hajaondoka, faili kwa faili. Ila umiliki hauhamishiki kutoka Gmail ya kawaida kwenda akaunti ya biashara ya Google Workspace. Huko dawa ni kutengeneza nakala: anayenakili ndiye anayekuwa mwenyewe. Folda nzima hainakiliki kwa mara moja kwenye kivinjari. Ingia ndani, bonyeza Ctrl na A kuchagua zote, kisha tengeneza nakala. Historia ya mabadiliko haifuati nakala, kwa hiyo ile ya zamani isifutwe mapema.

Kuna pia faili yatima. Mtu mwingine akiondoa faili yako kwenye folda ya pamoja, au folda hiyo ikifutwa na mwenyewe, faili yako inaweza kubaki bila folda. Ipo, inakula nafasi, ila huioni. Andika is:unorganized owner:me kwenye sehemu ya kutafutia, zitatokea.

Biashara yenye watu 3 au zaidi wanaogusa faili zilezile inafaa iondoke kwenye Gmail za binafsi. Kwenye Google Workspace mpango wa Business Starter hutoa GB 30 kwa kila mtumiaji, Business Standard TB 2, na nafasi za wote hujumlishwa kuwa fungu moja. Kinachofanya Standard istahili pesa yake ni hifadhi za pamoja, ambamo faili ni mali ya taasisi na si ya mtu. Anayeondoka anaondoka peke yake. Msimamizi akimfuta mfanyakazi kwa makosa ana siku 20 za kumrudisha, na vilivyofutwa hata kutoka kwenye Tupio anaweza kuvirejesha ndani ya siku 25. Huo ni wavu ambao akaunti ya binafsi haina.

Kuhamia kunahitaji jina la kikoa, yaani anwani ya mtandaoni ya biashara yako, kwa mfano la .co.tz au .co.ke, na hapo ndipo kazi huharibika. Tengeneza anwani zote za wafanyakazi kwanza, ndipo ubadilishe rekodi za MX, zinazoelekeza barua pepe za kikoa ziende wapi, kwa msajili aliyekuuzia kikoa. Ukianza na MX, barua za anwani ambazo hazijatengenezwa zitakataliwa. Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 72 kuenea, kwa hiyo fanya Ijumaa jioni, na sanduku la zamani liendelee kusomwa wiki nzima inayofuata.

Kushirikisha kwa kiungo kuna ngazi tatu: mtazamaji, mtoa maoni na mhariri. Kosa la kila siku ni kuweka "yeyote mwenye kiungo" kuwa mhariri ili kumrahisishia mtu mmoja. Kiungo hicho kikisambazwa kwenye kundi, kila aliyemo anaweza kufuta. Mpe mtu ruhusa kwa anwani yake, na mteja mpe utazamaji tu. Kuzuia kupakua husaidia kidogo, lakini hakuzuii mtu kupiga picha skrini.

Kuhusu siri, Google husimba faili, yaani huzigeuza fumbo lisilosomeka bila ufunguo, zikiwa njiani na zikiwa kwenye mashine zake, ila kwenye akaunti ya kawaida funguo anazo Google. Kwa orodha ya bei haina shida. Kwa nakala za vitambulisho vya NIDA, pasipoti za wateja au vyeti vya hospitali, mzigo ni mwingine: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019, zote zikigusa taarifa zinazosafirishwa nje ya nchi. Nyaraka za namna hiyo zifungwe kabla hazijapanda. Cryptomator, programu ya kufunga faili kwa nenosiri, ni ya bure kwenye kompyuta na hufanya kazi vizuri juu ya Drive. Nenosiri lake likisahaulika, hakuna wa kukufungulia, hata Google.

Uthibitishaji wa hatua mbili ni lazima, na usiufunge kwenye SMS pekee. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hupewa mtu mwingine, na wezi huhamishia namba za watu kwenye laini zao. Tumia programu ya simu inayozalisha namba za kuingilia, kisha chapa zile namba 10 za akiba ambazo Google hukupa na uzifungie pamoja na hati ya kiwanja.

Mwenye mahitaji tofauti ana pa kwenda. OneDrive hutoa GB 5 za bure, lakini Microsoft 365 ya binafsi huja na TB 1 pamoja na Word na Excel kamili, na ofisi inayoishi ndani ya Excel itafurahi zaidi huko, maana barua yenye nembo na majedwali ya Word mara nyingi huyumba ikigeuzwa kuwa hati ya Google. Dropbox ni GB 2 tu za bure. MEGA hutoa GB 20, na funguo za usimbaji hubaki kwa mtumiaji.

Popote utakapochagua, weka nakala nyumbani. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, Tanzania, Kenya, Uganda na majirani walibaki na intaneti dhaifu au bila kabisa, na aliyekuwa na kila kitu mtandaoni pekee alikaa na kusubiri. Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako, hutoa kila kitu kwa mafungu ya zip. Chagua fungu la GB 2 kama intaneti yako hukatika, kwa sababu fungu la GB 50 likikatika mwishoni unaweza kulianza upya. Viungo vya kupakulia huisha baada ya takriban wiki moja, kwa hiyo usiombe Alhamisi kabla ya safari. Weka mafungu hayo kwenye diski ya nje kila baada ya miezi 3. Kabla ya kuichomoa, chagua faili 5 za folda tofauti, moja ikiwa video na moja ikiwa jedwali, uzifungue kwenye kompyuta nyingine ambayo haijaingia kwenye akaunti yako.